Kielelezo Namba Moja

Uliniuliza leo, Nassuna, tukinywa chai ya saa nne,
kama kunguni wapo kweli
au ni jina tu la kutishia watoto wasiotandika.
Nikacheka. Mkono ukaenda wenyewe nyuma ya shingo,
pale pale.

Nimekulia laini ya polisi, Mbale,
katika zile nyumba za bati za duara, mama-ingia-pole,
ambazo mlango wake humwinamisha hata inspekta.
Watoto sita nyuma ya pazia la kitenge.
Tuliwanusa kabla ya kuwaona:
harufu ya giligilani iliyosagwa kiganjani,
tamu kidogo, yenye aibu.

Mbu ana adabu, hupiga hodi sikioni.
Kiroboto hurukaruka kama mlevi wa malwa.
Huyu huja kimya, mdai anayejua unakolala,
akakuachia alama tatu kwa mstari
kama vifungo vya koti.

Mama alipigana nao.
Maji ya moto kwenye springi, mafuta ya taa kwenye nyufa,
sindano ya kushonea kwenye mishono ya godoro.
Jumamosi magodoro yalitoka juani, laini nzima,
na kila mwanamke alimwambia jirani yake:
"Mtoto amekojoa."
Hata Mama Ayikoru, ambaye wanawe walikuwa jeshini.

Na baba, Koplo Okiring, mpelelezi,
alinyoosha gazeti.
"Kunguni? Ushahidi uko wapi?
Damu kwenye shuka si ushahidi. Huenda ni pua."

Basi nikakesha na dada yangu Akiror,
tochi chini ya blanketi, tukabanana pumzi,
mpaka tukamkamata mmoja, mnene, mwenye rangi ya chai kavu.
Tukamtia ndani ya kiberiti.
Nikaandika juu kwa kalamu ya shule: KIELELEZO 1.
Asubuhi baba alifungua, akatazama sana, akafunga.
"Hii ni mbegu ya simsim," alisema.
Mbegu ilikuwa inatembea.

Wiki ile mkubwa alikuja kukagua, na fimbo yake kwapani.
"Kuna shida kwenye nyumba?"
"Hakuna, afande!" Safu nzima, kwa sauti moja.
Mimi nilikuwa nyuma ya tangi la maji,
nikamwona mmoja akitoka kwenye kola ya baba,
akishuka taratibu juu ya kaki iliyopigwa pasi
mpaka kwenye cheo begani, akatulia hapo
kama aliyepandishwa.
Baba hakupepesa jicho.

Sasa sikiliza hili, maana sijawahi kumwambia mtu.
Usiku mmoja niliamka, nikaona mwanga mwekundu.
Baba amechuchumaa, tochi ameifunika kwa kiganja,
mwanga unapita kwenye nyama ya vidole vyake.
Alikuwa anawatoa shingoni kwa Akiror,
mmoja mmoja, akiwaponda kwa ukucha wa dole gumba,
akifuta kwenye fulana yake mwenyewe,
akihesabu kwa Kiteso, kwa pumzi tu.
Alifika kumi na tisa.
Kisha akageukia kwangu, akakuta macho yangu wazi.
"Lala," akasema. "Hakuna kitu."

Ninakaa Ntinda sasa, ghorofa ya tatu.
Godoro langu bado lina nailoni ya dukani,
linalia kila nikigeuka.
Miaka kumi na moja sijaumwa,
na bado nikilala ugenini nainua kwanza pembe ya shuka,
huku mwenyeji akidhani natafuta rimoti.

Tulipomzika baba, nilipewa sanduku lake la bati nilipange.
Filimbi. Mkanda. Barua tatu za kuomba uhamisho,
hakuna iliyojibiwa.
Na chini kabisa, kiberiti.
Ndani, gamba tupu, jepesi kama ganda la kitunguu.
Mwandiko wangu juu, umefifia,
na chini yake wake, ulionyooka kama wa kituoni:
namba yake ya kazi, tarehe,
Imepokelewa.

Kesho nitakuletea uone, Nassuna.
Ila usikifungulie juu ya meza ya chai.